Kifo Ndani ya Seng'enge

(Haya ni maandishi kamili ya hotuba yetu juu ya vifo vya wanajeshi vinavyotokea kambini, mbali na uwanja wa vita.)



Tumekuja mbele yenu kuzungumza juu ya jambo lisilosemwa sana hadharani. Mzazi anapomtoa mwanawe ajiunge na jeshi, huwa amekwisha kuliwaza moyoni jambo moja zito, kwamba mwana huyo aweza kufa vitani. Hulipokea kwa machozi, lakini hulipokea, kwa kuwa ajua askari ni mlinzi wa nchi, na ulinzi una gharama yake.

Kuna kifo kingine ambacho mzazi hakukiwekea akiba ya subira. Ni kifo cha kijana aliyefia ndani ya kambi, wakati wa amani, bila adui yeyote kuonekana. Aweza kufa kwa risasi ya bunduki ya kambi yenyewe, kwa gari lililopinduka katika mazoezi, kwa jua lililomwangusha kuruta mbioni, kwa kipigo, kwa maradhi, au kwa mkono wake mwenyewe baada ya kukata tamaa. Maiti huletwa nyumbani ikiwa imefunikwa bendera, tarumbeta hulia, na maelezo huwa ya sentensi mbili. Mzazi akiuliza la tatu, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya jeshi.

Vifo vya namna hii si vichache. Nchini Marekani, taifa lililopigana vita virefu Iraki na Afghanistan, wachunguzi wa Bunge walipohesabu vifo vya wanajeshi waliokuwa kazini tangu mwaka wa 2006, waliona kwamba karibu robo tatu ya vifo hivyo havikutokana na shughuli za vita hivyo. Ajali, kujiua na maradhi vilichukua wengi kuliko adui. Basi anayetaka kujua jinsi taifa linavyowathamini askari wake, asiangalie makaburi ya mashujaa peke yake. Na aulize pia juu ya wale waliokufa bwenini, lindoni, na katika uwanja wa mazoezi.

Tunalotaka kulisema ni moja. Kifo kilichotokea ndani ya kambi ni lazima kichunguzwe na mtu asiyepokea amri kutoka kambi hiyo, na kichunguzwe mbele ya macho ya watu. Waliokabidhiwa uhai wa kijana hawawezi kuwa waamuzi wa kifo chake. Wahenga walikwisha kutuonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si geni katika ardhi yetu. Wengi wenu mmepita Kariakor hapa Nairobi, na wengine mmefika Kariakoo ya Dar es Salaam. Majina hayo yametokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikikusanya katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka wa 1914 na 1918. Wapagazi hao hawakupewa bunduki, lakini walikuwa chini ya amri ya jeshi, wakilala katika kambi za jeshi na kula chakula cha jeshi. Wengi mno hawakurudi makwao. Hawakuuawa na Wajerumani. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea.

Majina yao yaliandikwa wapi? Mwezi wa Aprili mwaka wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ukiri huo ulichukua zaidi ya miaka 100. Hivyo ndivyo ilivyo pale mwenye kuua kwa uzembe anapokuwa ndiye mwenye daftari la kuhesabia wafu.

Hata askari Waingereza wenyewe hawakuhesabiwa ipasavyo mpaka walipopata mtu wa nje wa kuwahesabu. Bi Florence Nightingale aliporejea kutoka Vita vya Krimea mwaka wa 1856, alikuwa ameona kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko silaha za Warusi. Akasaidiwa na William Farr, mtaalamu wa takwimu, kutafuta jambo jingine: ni askari wangapi waliokuwa wakifa nyumbani Uingereza, katika kambi za amani? Jibu liliwaaibisha wakubwa. Vijana hao, ambao jeshi lilikuwa limewachagua kwa afya njema na kuwakataa wadhaifu, walikuwa wakifa kwa kiwango kilichokaribia maradufu ya raia wa umri wao. Kambi zilikuwa na msongamano, hewa mbovu na mifereji michafu. Tume ya kifalme iliundwa mwaka wa 1857, na Bi Nightingale, ambaye kama mwanamke hakupewa kiti ndani yake, aliipelekea ushahidi wa maandishi. Mabweni yakaanza kutengenezwa, na vifo vikapungua. Hakuna jenerali aliyepungukiwa na heshima kwa sababu askari wake walianza kuvuta hewa safi.

Ndugu zetu, tukija katika wakati wetu wenyewe, hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa kambi ya Deepcut. Kambi hiyo ilikuwa katika jimbo la Surrey, kusini-magharibi mwa London, na ndipo vijana waliomaliza mafunzo ya awali walipopelekwa kujifunza kazi za uchukuzi na ugavi. Kati ya mwaka wa 1995 na 2002, makuruta wanne walikufa pale kwa risasi. Sean Benton, mwenye umri wa miaka 20, alikufa mwezi wa Juni 1995 akiwa na majeraha matano ya risasi kifuani. Cheryl James, msichana wa miaka 18, alikufa mwezi wa Novemba mwaka huohuo, alipokuwa amepangwa lindoni peke yake na bunduki mkononi. Geoff Gray, mwenye miaka 17, alikufa mwezi wa Septemba 2001. James Collinson, naye wa miaka 17, alikufa mwezi wa Machi 2002.

Tuangalie jinsi vifo hivyo vilivyopokelewa. Vifo viwili vya kwanza vilipotokea, polisi wa raia waliwaachia polisi wa jeshi kazi ya uchunguzi. Tangu saa za mwanzo iliaminiwa kwamba kijana amejiua, na maadamu jibu lilikuwa limekwisha kupatikana, hakuna aliyejisumbua kulitafuta. Ushahidi mwingi wa kitaalamu haukukusanywa, na mwingine haukuhifadhiwa. Kwa desturi ya Waingereza, kifo cha ghafula huchunguzwa hadharani na ofisa wa sheria ambaye kazi yake ni kueleza nani alikufa, lini, wapi, na kwa namna gani. Lakini vikao vile vya mwanzo vilikuwa vifupi ajabu. Kikao cha Sean Benton kilimalizika kwa saa chache tu na kuamua kwamba alijiua. Kikao cha Cheryl James nacho kilikwisha upesi, kikatoa uamuzi wa wazi, yaani kwamba namna ya kifo haikuthibitika. Wazazi wakarudi nyumbani na jeneza na karatasi.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba wazazi wa watoto hao wanne walipata kujuana. Kila mmoja alikuwa ameambiwa kwamba msiba wake ni wa peke yake. Walipokaa pamoja waliona kwamba maswali yao yalikuwa mamoja. Wakayapeleka kwa magazeti, kwa wabunge na kwa mawakili. Polisi wa Surrey wakalazimika kuvichunguza upya vifo vyote vinne mwaka wa 2002 na 2003. Kamati ya Bunge ya Ulinzi ikachunguza jinsi jeshi linavyowatunza makuruta, na mwezi wa Machi 2005 ikapendekeza kuwe na chombo huru cha kupokea malalamiko ya askari. Mwezi wa Machi 2006, wakili Nicholas Blake, aliyeteuliwa na serikali, alitoa mapitio yake makubwa. Alisema kwamba, kwa uzito wa ushahidi aliouona, inaelekea Sean Benton, Cheryl James na Geoff Gray walijifyatulia risasi wenyewe. Lakini alieleza pia kwamba kambi ilikuwa ikiwapa vijana wasio na uzoefu silaha na zamu za ulinzi bila usimamizi wa kutosha, na kwamba malalamiko yao hayakuwa na mahali salama pa kupelekwa.

Wazazi hawakutosheka, kwa sababu mapitio hayo hayakuwa mahakama. Mashahidi hawakuapishwa mbele yao wala kuulizwa maswali na mawakili wao. Wakaendelea. Kwa kutumia sheria ya haki za binadamu ya Uingereza ya mwaka wa 1998, mawakili wa familia ya Cheryl James waliwalazimisha polisi kutoa mafaili waliyokuwa wameyashikilia. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi wa mwaka wa 1995 na kuamuru uchunguzi mpya. Kikao kipya cha Cheryl James kilimalizika mwaka wa 2016, cha Sean Benton mwaka wa 2018, na cha Geoff Gray mwaka wa 2019. Mama mzazi wa Sean Benton alikuwa amekwisha kufariki dunia, na ndugu wa marehemu ndio waliolifikisha shauri hilo mwisho.

Sasa tunawaomba mtusikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu. Vikao vyote vitatu vipya viliamua kwamba kijana alijiua.

Mtu aweza kutuuliza, basi faida ilikuwa nini? Jeshi lilisema hivyo tangu mwanzo. Miaka zaidi ya 20, fedha za umma, machozi ya wazazi, na jibu likawa lilelile. Si ingekuwa afadhali kuyaacha yalivyokuwa?

La hasha. Jibu halikuwa lilelile. Mwaka wa 1995 neno "kujiua" lilitumiwa kufunga mlango. Katika vikao vipya neno hilo liliufungua, kwa maana mchunguzi huru hakuishia pale. Aliendelea kuuliza: kijana huyu aliishije siku zake za mwisho? Nani alijua kwamba ana dhiki? Nani alimpa bunduki? Katika shauri la Cheryl James ilielezwa hadharani kwamba wasimamizi walikuwa wachache mno kwa idadi ya vijana, na kwamba mpango wa kuwatunza haukutosha. Katika shauri la Sean Benton ilielezwa kwamba alitendewa ukali na mkufunzi wake, na kwamba jeshi lilishindwa kumpa msaada kijana ambaye dalili za dhiki yake zilikuwa zimeonekana. Na tukumbuke kwamba mwaka wa 2004 mkufunzi mmoja aliyewahi kuwa Deepcut alifungwa gerezani kwa kuwadhulumu kimapenzi makuruta katika miaka ya 1990. Hayo yote yalikuwapo nyuma ya lile neno moja lililotosha kumaliza kikao cha saa chache.

Kwa hiyo tusidanganyike kudhani kwamba uchunguzi huru unahitajika pale tu tunaposhuku mauaji. Unahitajika zaidi pale ambapo hakuna aliyefyatua risasi isipokuwa marehemu mwenyewe. Muuaji akiwapo, jeshi lenyewe lina sababu ya kumtafuta. Lakini palipo na ukali uliozoeleka, zamu zisizo na msimamizi, na malalamiko yaliyotupwa kapuni, mkosaji ni ofisi nzima, na hakuna ofisi ijichunguzayo ikajikuta na hatia.

Tena kuna haki ya mzazi. Ukweli ukitamkwa na mwenye sababu ya kuuficha, hauwezi kumtuliza aliyefiwa, hata ukiwa kweli. Wazazi wale wangaliambiwa ukweli wote mwaka wa 1995, na mtu wasiyekuwa na sababu ya kumshuku, wangalilia na kuzika na kuanza safari ndefu ya kupoa. Badala yake walizeeka wakiwa na majalada ya kesi mikononi.

Tunajua hoja za wanaopinga, na ni haki tuzijibu. Wanasema kwamba jeshi ni siri, na mtu wa nje akiingia kambini, adui naye ataingia nyuma yake. Tunawauliza: ni siri gani ya ulinzi iliyo katika orodha ya zamu ya usiku? Adui atapata faida gani akijua kwamba msichana wa miaka 18 aliachwa peke yake langoni? Siri za silaha na mipango ya vita zina njia zake za kulindwa, na hakimu aweza kusikiliza sehemu ndogo ya ushahidi faraghani inapobidi. Asiloweza kukubali ni kesi nzima kuvishwa joho la siri kwa sababu ya sehemu hiyo ndogo.

Wanasema pia kwamba nidhamu itavunjika. Tazameni yaliyotokea katika kambi ya Fort Hood, jimboni Texas, Marekani, mwaka wa 2020. Mwezi wa Aprili mwanajeshi wa kike wa miaka 20, Vanessa Guillén, alitoweka akiwa kazini ndani ya kambi. Mabaki yake yalipatikana mwishoni mwa Juni karibu na mto, nje ya kambi. Mwanajeshi mwenzake aliyeshukiwa kumwua alijiua polisi walipomfikia. Familia ilikuwa ikisema kwamba binti yao alilalamika kudhulumiwa kimapenzi na hakuona pa kwenda. Na katika kumtafuta yeye, yakapatikana mabaki ya mwanajeshi mwingine wa kambi hiyo, Gregory Wedel-Morales, ambaye alikuwa ametoweka mwezi wa Agosti 2019. Jeshi lilikuwa limekwisha kumwandika kuwa mtoro.

Hebu tulitafakari neno hilo, mtoro. Aliyekuwa amekufa ndiye aliyehesabiwa kuwa mkosaji. Mtu akiandikwa mtoro, hatafutwi kama aliyepotewa na uhai, hungojwa aadhibiwe. Jina lake lilisafishwa baadaye na akazikwa kwa heshima za kijeshi, lakini miezi iliyopotea haikurudi.

Kamati huru ya raia ilipelekwa Fort Hood, na ripoti yake ikatolewa mwezi wa Desemba 2020. Ilisema kwamba uongozi wa kambi uliacha mazingira yaliyoruhusu udhalimu wa kimapenzi, na kwamba wapelelezi wa jeshi pale walikuwa wengi wao wachanga wasio na uzoefu. Makamanda na maofisa 14 walifukuzwa au kusimamishwa kazi. Jeshi likabadilisha kanuni yake: mwanajeshi asiyeonekana, kwa saa 48 za kwanza huandikwa kuwa hajulikani alipo, na wakubwa wake huwa na wajibu wa kumtafuta kwanza kabla ya kumwita mtoro. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2021 sheria ilitiwa saini ya kuwaondolea makamanda uwezo wa kuamua kama kosa la ubakaji litashtakiwa, uwezo huo ukapewa waendesha mashtaka maalumu. Je, nidhamu ilivunjika? Iliyovunjika ni desturi ya mkubwa kuwa mshtakiwa, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

Wala hatusemi kwamba Waingereza wamemaliza kazi. Baada ya Deepcut waliunda ofisi ya Kamishna wa malalamiko ya wanajeshi mwaka wa 2008, wakaipa nguvu zaidi mwaka wa 2016. Hata hivyo, mwezi wa Desemba 2021, mwanajeshi wa kike wa miaka 19, Jaysley Beck, alijiua katika kambi ya Larkhill. Mchunguzi wa kifo chake aliamua mwezi wa Februari 2025 kwamba alikuwa ameshambuliwa kimapenzi na mkubwa wake, na kwamba jeshi kushindwa kuchukua hatua ifaayo kulichangia kifo hicho. Mwaka huohuo Bunge lao lilipitisha sheria ya kuunda Kamishna mpya wa Majeshi, mwenye uwezo wa kuingia kambini na kuanzisha uchunguzi bila kungoja kuombwa. Miaka 30 kutoka Deepcut ya kwanza hadi hapo. Katika mambo haya mlango haufunguki mara moja ukabaki wazi; hauna budi kushikwa.

Na sisi Wakenya je? Hatukuja kumtuhumu mtu wala kutaja kambi. Tumekuja kuuliza kuhusu sheria, kwa maana sheria ni mali yetu sote. Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 24, inakubali kwamba baadhi ya haki za mtu aliye katika Majeshi ya Ulinzi au katika polisi zaweza kupunguzwa kwa sheria. Haki hizo zimetajwa moja moja: faragha, kujiunga na vyama, kukusanyika na kuandamana, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za aliyekamatwa. Someni orodha hiyo mara mbili. Haki ya kuishi, iliyo katika Kifungu cha 26, haimo. Heshima ya utu, iliyo katika Kifungu cha 28, haimo. Kijana avaapo sare hukubali kupokea amri, lakini hakuukabidhi uhai wake kwa mtu asiyeulizwa. Na Kifungu cha 238 kinasema kwamba usalama wa taifa utafuatwa kwa kutii sheria na kwa kuheshimu kabisa utawala wa sheria, demokrasia na haki za binadamu.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, nayo inamtaka ofisa wa polisi anayepata habari za mtu aliyejiua, aliyeuawa, au aliyekufa kwa ajali, kumwarifu hakimu na kuchunguza. Na inampa hakimu mamlaka ya kuendesha uchunguzi wa kifo. Sheria hiyo inamtaja mtu. Haikusema mtu asiyevaa sare. Mwaka wa 2011 tuliunda mamlaka huru ya raia ya kuangalia utendaji wa polisi, na vifo vinavyotokana na vitendo vya polisi vimo katika wajibu wake. Lakini mamlaka hayo ni ya polisi, hayaingii katika kambi za jeshi. Mwaka wa 2017 Bunge letu likapitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Maneno mazuri tunayo vitabuni. Tunachodai ni yafike penye seng'enge na kuingia ndani.

Kwa hiyo tunaweka mbele yenu mambo matano, tukiwaomba myajadili vijijini, makanisani, misikitini, na kwa wabunge wenu:

Kwanza, kila kifo cha mwanajeshi kinachotokea kambini au mazoezini, kiwe cha ajali, cha maradhi ya ghafula au cha kujiua, kifikishwe kwa hakimu wa raia na kuchunguzwa hadharani, familia ikiwapo.

Pili, upasuaji wa maiti ufanywe na daktari asiye chini ya amri ya jeshi, na familia iwe na haki ya kuleta daktari wake.

Tatu, mahali pa kifo, silaha, nguo na orodha za zamu vihifadhiwe tangu saa ya kwanza, na polisi wa raia wawe wenye dhamana ya ushahidi huo.

Nne, mwanajeshi mwenye malalamiko awe na mahali pa kuyapeleka nje ya wakubwa wake, bila kulipiziwa kisasi.

Tano, kila mwaka Bunge litangaziwe hesabu ya wanajeshi waliokufa nje ya vita, na sababu zake. Hesabu ya wafu haifichui mpango wowote wa ulinzi.

Ndugu zetu, kuna watakaosema kwamba anayeuliza maswali haya ni adui wa jeshi. Tunawajibu kwamba adui wa jeshi ni yule anayetaka kijana wa Kenya aende kuapa huku mama yake akijua kwamba akifa bwenini hakuna atakayeulizwa. Anayelipenda jeshi hutaka kila askari alale akiwa na hakika kwamba uhai wake una thamani mbele ya sheria, awe kuruta wa wiki ya kwanza au jenerali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sheria ya nchi haina budi kumpa mzazi huyo mahali pa kusimama na kuuliza, na mtu wa haki wa kumjibu.